Amepata 84 lakini hana krediti: mwongozo kamili wa kanuni ya asilimia 90 kwa wazazi wa Texas

Kila muhula ukiisha, wazazi huleta swali lile lile. Mtoto ana 84 kwenye Aljebra, hakufeli popote, lakini krediti ya somo, ile inayohesabiwa ili ahitimu, haionekani. Wengine hudhani kompyuta imekosea, wengine hudhani mwalimu ana kinyongo. Mara nyingi sababu ni moja: mtoto alikosa kipindi hicho mara nyingi kuliko sheria inavyoruhusu, na hakuna aliyeomba njia ya kufidia wakati muda ulikuwa bado upo.

Sheria yenyewe ni fupi. Kifungu cha 25.092 cha sheria ya elimu ya Texas kinasema mwanafunzi hapewi krediti wala alama ya mwisho ya somo asipohudhuria angalau asilimia 90 ya siku ambazo somo hilo lilifundishwa. Alama ni mlango mmoja, mahudhurio ni mlango wa pili, na ufunguo wa mmoja haufungui mwingine. Sisi tuliosoma Bukavu, Kigoma au kambini Kakuma tumezoea kwamba mtihani ndio unaoamua: ukikosa wiki mbili unanakili madaftari ya mwenzako, unafanya mtihani, umemaliza. Texas haiendi hivyo.

Mwongozo huu unahusu shule za umma za sekondari, darasa la 9 hadi la 12. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Anayeruka hatua ya kwanza na ya pili ndiye anayefika kwenye kikao mikono mitupu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Akaunti yako ya mzazi kwenye programu ya shule. Wilaya nyingi za shule hutumia Skyward au programu inayofanana nayo. Iwe akaunti yako, si ya mtoto. Kama mtoto ndiye anayejua neno lako la siri, basi wewe huna akaunti.
- Kalenda ya wilaya ya shule ya mwaka huu, yenye tarehe za kuanza na kumaliza kila muhula.
- Ratiba ya mtoto, inayoonyesha somo lipi ni la kila siku na lipi ni la siku moja ndiyo, moja siyo.
- Kitabu cha mwongozo wa wanafunzi cha wilaya yako. Kinapatikana kwenye tovuti ya wilaya. Unachokihitaji ni sura ya mahudhurio tu.
- Faili moja ya karatasi: za kliniki, za mahakama, za msiba, barua zote za shule. Kila karatasi ipige picha kabla hujaikabidhi.
- Namba ya simu na barua pepe za karani wa mahudhurio na za mshauri wa masomo wa mtoto.
- Mkalimani. Ombi lako lina msingi katika Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake. Omba kwa maandishi. Kama lugha yako ya kwanza ni Kinyamulenge au Kirundi na Kiswahili ni cha pili, sema hivyo. Usikubali mtoto mwenyewe ndiye atafsiri kikao kinachomhusu. Huenda akapunguza chumvi.

## Hatua ya 1: Jua mtoto anaweza kukosa mara ngapi kwa kila somo

Kinachohesabiwa ni siku za somo, si siku za shule. Chukua idadi ya siku ambazo somo linafundishwa katika muhula, zidisha kwa 0.90, halafu panda hadi namba nzima inayofuata. Hiyo ndiyo idadi ya mara anazotakiwa kuwepo.

Mfano wa somo la kila siku: muhula una siku 84. Asilimia 90 ya 84 ni 75.6. Kuwepo kwa nusunusu hakuna, kwa hiyo anatakiwa awepo mara 76. Anaweza kukosa mara 8. Ya tisa inamtoa.

Mfano wa somo la siku moja ndiyo, moja siyo: muhula ule ule una vipindi 42 tu vya somo hilo. Asilimia 90 ni 37.8, kwa hiyo anatakiwa awepo mara 38. Anaweza kukosa mara 4.

Hapa ndipo watu wengi huanguka. Mzazi anasikia kwa jirani kwamba "wanaruhusu siku nane", anatulia, na mtoto anakosa Kemia mara tano. Jirani hakusema uongo. Shule ya mtoto wake ina ratiba nyingine.

Hesabu pia mstari wa pili, wa asilimia 75, kwa sababu utauhitaji hatua ya 6. Kwa somo la siku 84, lazima awepo angalau mara 63, yaani asizidi kukosa mara 21. Kwa somo la vipindi 42, awepo angalau mara 32, asizidi kukosa mara 10.

Shule nyingi za sekondari huhesabu kwa muhula kwa sababu somo la mwaka mzima hutoa nusu krediti kila muhula. Thibitisha kwa karani kama ndivyo kwenu.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi moja yenye masomo yote, na mbele ya kila somo namba mbili: mwisho wa asilimia 90 na mwisho wa asilimia 75. Ibandike mlangoni mwa friji.

## Hatua ya 2: Toa rekodi ya mahudhurio kwa kila kipindi

Ingia kwenye akaunti yako, fungua sehemu ya mahudhurio, uchague mwonekano wa vipindi. Mwonekano wa siku nzima utakudanganya. Unaweza kuonyesha kwamba mtoto amekosa siku 3, kumbe kipindi cha kwanza amekikosa mara 11.

Linatokeaje hilo? Kuchelewa. Wilaya nyingi zina kanuni kwamba mwanafunzi akiingia darasani baada ya dakika fulani, huandikwa hayupo kwa kipindi hicho, si aliyechelewa. Idadi ya dakika imeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo. Mtoto anayekosa basi la shule na kuletwa na baba anayetoka zamu ya usiku, kwenye viwanda vya nyama vya Amarillo kwa mfano, anaweza kuwa shuleni kila siku ya Mungu na bado akapoteza krediti ya somo la asubuhi. Baba anasema "mwanangu hajakosa hata siku moja." Rekodi inasema amekosa mara kumi na moja. Wote wawili wako sahihi.

Kama programu inakushinda, nenda ofisini uombe rekodi iliyochapishwa, ya kila kipindi, kuanzia siku ya kwanza ya muhula. Una haki ya kuona kumbukumbu za masomo za mwanao.

Tahadhari: usingoje barua. Shule hutuma ujumbe wa sauti na barua, lakini familia iliyohama nyumba au kubadilisha namba ya simu haitapata kitu. Ukiwa hapo ofisini, hakikisha anwani na namba yako ni za sasa.

## Hatua ya 3: Gawa siku alizokosa katika mafungu matatu

Chukua kalamu, uandike herufi mbele ya kila tarehe.

Fungu A: siku ambazo sheria inazilinda. Kifungu cha 25.087 kinasema mwanafunzi haadhibiwi kwa siku hizi, na akileta uthibitisho huhesabiwa kama aliyehudhuria. Ziko kadhaa, hizi ndizo zinazowahusu zaidi wasomaji wangu:

- Sikukuu takatifu za dini yake, ikiwemo Idd, pamoja na siku ya kusafiri kwenda na ya kurudi.
- Kuitwa mahakamani.
- Kwenda ofisi ya serikali kwa karatasi za ombi la uraia la mwanafunzi mwenyewe, na kushiriki sherehe ya kiapo cha uraia.
- Miadi ya matibabu ya mwanafunzi mwenyewe au ya mtoto wake, mradi afike shuleni siku hiyo hiyo, kabla au baada ya miadi.
- Ugonjwa mzito au wa kutishia maisha, ukithibitishwa na daktari mwenye leseni ya Texas.
- Kutembelea chuo kikuu, kwa wa darasa la 11 na 12, hadi siku mbili kwa mwaka, wilaya ikiruhusu.

Fungu B: siku zenye ruhusa ambazo bado zinahesabika kuwa amekosa. Alikuwa na homa, akabaki nyumbani, ukaandika kikaratasi. Mlikuwa kwenye matanga Abilene. Shule inapokea sababu, inabadilisha alama kutoka "bila ruhusa" kuwa "kwa ruhusa", na hutaitwa kwa utoro. Lakini kwa hesabu ya asilimia 90, siku hiyo imekwenda.

Fungu C: siku zisizo na ruhusa. Hakuna karatasi, au karatasi ilichelewa.

Nairudia B kwa sababu ndiyo inayowaumiza wazazi waangalifu, wale wanaoleta barua kila mara. Barua inaeleza kwa nini mtoto hakuwepo. Haimrudishi darasani.

Miadi ya alama za vidole kwa kadi ya ukaazi haikutajwa kwenye orodha ya A. Sheria inazungumzia uraia. Omba tarehe ya wakati wa likizo pale inapowezekana.

Umefanikiwa ukijua, kwa kila somo, B na C zikijumlishwa ni ngapi. Linganisha na karatasi ya friji.

## Hatua ya 4: Sahihisha rekodi kabla ya kuomba huruma

Kabla ya kuzungumzia mpango wowote, ondoa makosa. Mara nyingi siku mbili tatu hurudi hapa, na kwa somo la vipindi 42 siku mbili ni nyingi sana.

Tafuta mambo haya: siku ya miadi ya kliniki ambayo mtoto alirudi shuleni lakini imeandikwa B au C, Idd iliyoandikwa hayupo, kipindi ambacho mtoto alikuwa kwenye ofisi ya mshauri au kwenye mtihani wa lugha ya Kiingereza na mwalimu wa darasa hakujulishwa, na siku za kabla mtoto hajaandikishwa. Hili la mwisho linawahusu sana waliofika Texas katikati ya muhula. Sera za wilaya nyingi zinasema mwanafunzi aliyehamia baada ya masomo kuanza huhesabiwa tu siku alizokosa baada ya kuandikishwa.

Peleka nakala ya kila uthibitisho kwa karani, si kwa mwalimu. Tuma kwa barua pepe hata kama umeipeleka kwa mkono, ili tarehe ibaki. Vitabu vingi vya mwongozo vinataka barua ya mzazi ndani ya siku chache tu, mara nyingi tatu, tangu mtoto arudi, na cheti cha daktari ugonjwa ukizidi siku kadhaa mfululizo. Ukichelewa, peleka tu, ukaeleze sababu.

Umefanikiwa ukiona alama imebadilika kwenye programu. Karani akisema "nitabadilisha", bado. Rudi uangalie baada ya wiki.

## Hatua ya 5: Linda siku zilizobaki

Hatua hii haina fomu, lakini ndiyo inayookoa krediti nyingi kuliko kamati zote.

Miadi ya mtoto. Daktari wa meno saa tatu asubuhi, mmemaliza saa nne na nusu. Mzazi anasema siku imeshaharibika, twende nyumbani. Usifanye hivyo. Chukua karatasi ya kliniki yenye tarehe na saa, mpeleke shuleni. Akirudi siku hiyo hiyo na karatasi, anahesabiwa aliyekuwepo, pamoja na vipindi alivyokosa akiwa kliniki. Akilala nyumbani, siku nzima imeingia kwenye fungu B.

Miadi yako wewe. Binti wa darasa la 10 anayejua Kiingereza ndiye anayempeleka mama kliniki, ofisi ya misaada, benki, kwa mwenye nyumba. Tunamsifu, na anastahili sifa. Lakini sheria inalinda miadi ya mwanafunzi, si ya mama yake. Kila anapokwenda kutafsiri, kipindi kimeondoka. Kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, na kanuni zake zinazuia kumtegemea mtoto mdogo kutafsiri isipokuwa kwa dharura. Unapopanga miadi, sema neno moja tu: "Swahili." Wao watapiga simu ya mkalimani.

Kulea wadogo. Shule ya msingi ikifungwa au mdogo akiugua, kaka mkubwa ndiye anayebaki naye. Hapa sina dawa nzuri. Familia zinazofaulu ni zile zilizopatana na jirani mapema kuhusu nani anabaki na nani, kabla ugonjwa haujaja.

Msiba na harusi. Kwenda maziko kwa siku moja kunabebeka. Kukaa matanga wiki nzima Dallas, ilhali mtoto anasoma Houston, kunakula mara mbili au tatu kati ya zile nne za somo la vipindi 42. Watu wazima wanaweza kubaki, mwanafunzi akarudi na mjomba Jumapili usiku. Safari ya Afrika ipange Juni na Julai. Tiketi ya Desemba ya wiki tano haina kifungu cha kuilinda, hata bibi awe mgonjwa.

Kuugua kwa muda mrefu. Daktari akisema mtoto atakaa nyumbani au hospitalini wiki nne au zaidi, omba mara moja masomo ya nyumbani kwa wagonjwa. Mwalimu humjia, na saa hizo huingia kwenye mahudhurio. Hati ya daktari mwenye leseni ya Marekani inahitajika. Usingoje wiki ya tano.

Kupoteza nyumba. Familia iliyofukuzwa au iliyounguliwa nyumba, ikahamia sebuleni kwa ndugu, inalindwa na sheria ya serikali kuu iitwayo McKinney-Vento. Mtoto ana haki ya kubaki shule yake ya awali inapokuwa kwa manufaa yake, na ya kupata usafiri wa kwenda huko. Kila wilaya ina mtu wa kushughulikia hili. Mwambie karani, usione aibu.

## Hatua ya 6: Yuko kati ya asilimia 75 na 90? Omba mpango wa mwalimu mkuu

Mwanafunzi aliyehudhuria asilimia 75 au zaidi lakini hajafika 90 anaweza kupewa krediti akikamilisha mpango ulioidhinishwa na mwalimu mkuu, unaomwezesha kutimiza mahitaji ya somo. Hakuna kamati wala kikao kikubwa. Ni njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoachwa zaidi, kwa sababu wazazi husubiri muhula uishe ndipo waulize.

1. Mtoto anapobakiza mara mbili kufika mwisho wake kwenye somo lolote, andika barua pepe kwa mshauri wa masomo, nakala kwa makamu wa mwalimu mkuu. Taja jina, somo na idadi ya siku, kisha useme waziwazi kwamba unaomba mpango wa kupata krediti chini ya kifungu cha 25.092.
2. Omba mpango kwa maandishi. Uonyeshe kazi zipi, saa ngapi, wapi, na mwisho wake lini. Kwa kawaida ni masomo ya Jumamosi, saa za ziada baada ya vipindi, au kazi za kompyuta.
3. Uliza kuhusu usafiri. Mpango wa kukaa shuleni hadi saa kumi na moja jioni haufai kama basi la mwisho huondoka saa kumi.
4. Kila saa aliyotumikia isainiwe siku hiyo hiyo. Walimu hubadilika, karatasi hupotea. Piga picha ya karatasi kila wiki.

Tahadhari: kama mtoto yuko chini ya uangalizi wa mahakama ya jinai au ya watoto, mpango hauwezi kumpa krediti bila idhini ya jaji. Mwambie msimamizi wake wa mahakama mapema.

Tahadhari ya pili: mpango unafidia mahudhurio, haufidii alama. Mtoto mwenye 62 akimaliza saa zote bado amefeli somo, maana alama ya kufaulu Texas ni 70.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi yenye sahihi ya mwalimu mkuu ikisema mpango umekamilika.

## Hatua ya 7: Chini ya asilimia 75, au mpango haukukamilika? Nenda kamati ya mahudhurio

Kila bodi ya wilaya ya shule inatakiwa na sheria kuunda kamati ya mahudhurio, moja au zaidi, ambayo wengi wa wajumbe wake ni walimu wa darasani. Kamati inaweza kutoa krediti kama siku zilipotea kwa sababu zisizozuilika.

Wajumbe kwa kawaida huangalia mambo manne: mtoto amelielewa somo na ana alama za kufaulu? Alifanya kazi alizokosa? Sababu zilikuwa nje ya uwezo wake na wa mzazi? Kuna karatasi za kuthibitisha? Jipange kwa mpangilio huo huo.

Ombi lina ukomo. Sera nyingi huweka siku 30 baada ya siku ya mwisho ya masomo, lakini tarehe ya wilaya yako ndiyo inayohesabika. Itafute kwenye barua uliyopewa au kwenye kitabu cha mwongozo.

Mfano wa ombi, kwa somo la siku 84:

*Kwa Kamati ya Mahudhurio. Mimi ni mama wa (jina), darasa la 10, namba ya mwanafunzi (namba). Naomba apewe krediti ya Biolojia, muhula wa kwanza. Alikosa mara 24. Mara 13 aliugua homa ya mapafu. Cheti cha hospitali ni kiambatisho cha 1. Mara 8 tulikuwa tumehama baada ya nyumba yetu kuingia maji. Barua ya mwenye nyumba ni kiambatisho cha 2. Mara 3 hatuna sababu ya kutosha. Kazi zote za darasa amezimaliza na alama yake ni 81. Kiambatisho cha 3. Yuko tayari kuhudhuria masomo ya Jumamosi mtakayopanga. Naomba mkalimani wa Kiswahili siku ya kikao. Sahihi, tarehe, simu.*

Angalia zile mara tatu. Usizifiche wala kuzitungia ugonjwa. Wajumbe wana rekodi mbele yao, na karatasi moja ya uongo huchafua zile mara ishirini na moja za kweli.

Kwenye kikao, mwache mtoto aseme. Wazazi wetu wengi huona heshima ni mtoto kunyamaza wakubwa wakizungumza. Mbele ya kamati ya Marekani, kijana aliyeinamisha kichwa anaonekana hajali. Mwandae nyumbani aseme mambo mawili: nini kilitokea, na atafanya nini kufidia.

Kamati inaweza kutoa krediti kwa masharti. Sheria inaitaka wilaya iwe na angalau njia moja ya kufidia isiyo na ada. Ukiambiwa ulipie, uliza kwa utulivu njia ya bure ni ipi.

## Hatua ya 8: Ukikataliwa, kata rufaa

Rufaa ya kwanza huenda kwa bodi ya wilaya ya shule. Omba uamuzi wa kamati kwa maandishi, uulize tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, upeleke ombi lile lile na chochote kipya ulichopata. Bodi nayo ikikataa, sheria inaruhusu kesi kusikilizwa upya mbele ya mahakama iitwayo "district court" ya kaunti yenye makao makuu ya wilaya hiyo ya shule. Kwa nusu krediti moja, wachache hufika huko. Kwa mwanafunzi wa darasa la 12 anayekosa kuhitimu, tafuta ofisi ya msaada wa sheria ya bure.

## Kesi mbili zinazochanganywa na hii

Utoro ni jambo jingine. Mwanafunzi wa miaka 12 hadi chini ya 19 akikosa bila ruhusa siku 10 au zaidi, au sehemu za siku, ndani ya miezi sita ya mwaka mmoja wa shule, anaweza kupelekwa mahakama ya utoro. Mzazi mzembe naye anaweza kutozwa faini, ya kwanza hadi dola 100. Hapa barua zako za fungu B zinakukinga kabisa. Kwenye krediti hazikukingi. Mtu anaweza kuwa salama upande mmoja na kuzama upande wa pili.

Aliyetimiza miaka 19. Watoto wengi kutoka kambini huingia darasa la 9 wakiwa na miaka 17 au 18. Texas inawapokea bure walio chini ya miaka 21 ifikapo tarehe 1 Septemba. Lakini akishafika 19, akikosa zaidi ya mara tano bila ruhusa katika muhula mmoja, wilaya inaweza kumfuta kwa mwaka uliobaki. Barua ya onyo hutumwa baada ya mara ya tatu. Kwake yeye kikaratasi cha homa si cha kupuuza hata siku moja.

## Hatua ya 9: Hakikisha krediti imeingia

Wiki mbili baada ya mpango kukamilika au kamati kukubali, omba nakala ya transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo, alama na krediti zake. Tafuta somo, muhula, alama, na 0.5 mbele yake. Kukiwa na 0, au alama imezuiwa, rudi kwa mshauri na karatasi yenye sahihi.

Jumlisha pia zote. Kuhitimu kwa mpango wa msingi kunataka krediti 22, na kwa mpango wenye mkazo wa fani 26. Mtoto aliyepoteza muhula mmoja wa masomo sita amepoteza krediti 3.

Kama krediti imepotea kweli, muulize mshauri njia tatu kabla ya kukubali kurudia darasa: masomo ya kurejesha krediti kwa kompyuta, masomo ya kiangazi, na mtihani wa kupata krediti. Kwa somo alilowahi kufundishwa, mtihani huo unapitwa kwa 70. Kwa somo ambalo hakuwahi kulisoma unatakiwa 80, kwa hiyo hakikisha fomu inasema alilisoma. Tarehe za mtihani hupangwa na wilaya na nafasi za kujiandikisha hufungwa mapema, basi uliza siku hiyo hiyo unayochukua transkripti.